Nafasi Moja ya Kudumu Kwemtindi

Sogeeni. Mwenye kazi ya kudumu akae nyuma, yeye hana haraka. Mwenye mkataba wa msimu akae mbele, asije akaisha kabla ya hadithi. Kibarua akae mlangoni, maana anaweza kuitwa au kufukuzwa wakati wowote. Mmetulia? Basi nawapa watu watatu na nafasi moja ya kazi, na nikinyamaza mtaniambia nani apewe.

Palikuwa na shamba la mkonge chini ya milima ya Usambara, likiitwa Kwemtindi. Watu wangu watatu walifanya kazi hapo, na kila mmoja alikuwa na karama yake.

Wa kwanza aliitwa Hiza, fundi wa mitambo. Karama yake ilikuwa masikio. Aligonga chuma kwa nyundo ndogo, akainamisha kichwa, akakwambia kina ufa ama ni kizima, na kama kina ufa, uko upande gani. Hiza alikuwa na ajira ya kudumu, ile ya zamani, yenye nyumba kambini, likizo na kiinua mgongo mwishoni. Alitembea kama mtu mwenye ajira ya kudumu, taratibu, mikono nyuma.

Wa pili aliitwa Tumpe, mwanamke wa Rungwe, mwendesha mashine ya brashi. Mashine hiyo ndiyo inayosafisha singa, yaani zile nyuzi nyeupe za mkonge, na ina kelele ya kutosha kumfukuza shetani. Wanawake wa chumba cha brashi hawasikilizani humo, wanasomana midomo. Tumpe alikuwa bingwa wao. Alisoma midomo ya mtu aliye ng'ambo ya uwanja, ndiyo maana Kwemtindi hakuna aliyesengenya mbele ya dirisha la chumba cha brashi. Tumpe alikuwa na mkataba wa mwaka. Kila msimu ukiisha, naye aliisha, akaja kuombwa vyeti upya kama mtu ambaye hajawahi kuonekana.

Wa tatu aliitwa Nyandwi, kutoka Uvinza kwenye machimbo ya chumvi. Alikua akitazama chumvi nyeupe inayowaka juani, na karama yake ikawa macho yasiyoogopa mng'ao. Pale wengine walipofumba macho, yeye aliangalia tu. Nyandwi alikuwa kibarua. Kila asubuhi alisimama getini na wenzake, wakala akija ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe. Asiyenyooshewa alirudi kulala na njaa.

Mwaka ule shamba lilipata wenyewe wapya, na wenyewe wapya walikuja na lugha mpya. Mtu wa kudumu akaanza kuitwa gharama. Mtu wa mkataba akaitwa nguvukazi. Vibarua hawakupewa jina lolote, waliitwa "wale". Meneja akawa Bwana Mushumbusi, mtu mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kumfukuza mtu. Alisema tu, "Mfumo umebadilika," na mtu mwenyewe anakusanya vitu vyake.

Mfumo ulianza na uwanja wa kuanikia. Pale nyaya zimefungwa mistari kwa mistari, na singa zikianikwa zinaning'inia nyeupe hadi macho yanapoishia. Kila mstari ulikuwa na mtu wake. Meneja akapunguza watu, mistari ya mbali kule mwisho ikabaki mitupu. Upepo ulipita kwenye zile nyaya zikalia, na waliobaki walifanya kazi bila kutazama upande ule.

Kisha siku moja wakakuta mstari wa mwisho umeanikwa.

Umeanikwa vizuri, singa zimekunjwa kwa mkunjo ambao hakuna aliyeujua, mkunjo wa zamani. Meneja akaita watu wote.

"Nani kaanika kule?"

Watu wakatikisa vichwa.

"Hajulikani?"

"Hatumjui, bosi."

"Basi kama hajulikani, hadai," akasema Mushumbusi, na uso wake ukachanua. Wiki ile akapunguza watu wengine. Mistari yao nayo ikaanza kuanikwa. Kila mtu aliyeondolewa, mahali pake palishikwa na mikono isiyoonekana, nao waliobaki wakawa wanaogopa mara mbili: wanaogopa kinachoanika, na wanaogopa kuondolewa kwa ajili yake. Jamani, mzimu kuchukua kiti chako usiku ni jambo moja. Mzimu kuchukua kibarua chako, na hauli, hauugui, hauna chama cha wafanyakazi, huo utaushindaje?

Ila singa zile hazikukauka. Jua la Kwemtindi linapasua mawe, lakini singa za mistari ile zilikaa mbichi na baridi kama kitu kilichotolewa kisimani. Meneja hakujali, akazifunga marobota pamoja na nyingine akazitia ghalani. Ubichi ukahamia kwa zile nzima, ghala zima likaoza, na harufu yake ikaingia hadi kwenye vyakula vya watu kambini. Wanunuzi wakarudisha mzigo. Wenye shamba wakatuma neno: mambo haya yakome, la sivyo shamba linafungwa, wote mtoke.

Hapo ndipo Bwana Mushumbusi aliposimama uwanjani akasema, "Makao makuu wamefuta ajira zote mpya za kudumu. Wameniachia nafasi moja tu, yenye nyumba na kila kitu. Atakayeukomesha mchezo huu, hiyo ni yake mpaka uzee wake."

Watu wakatazamana. Mpaka uzee wake. Nawaambia, palikuwa na wanaume waliolia machozi kwa kusikia maneno hayo matatu tu.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini, na sikilizeni kwa haki.

Nyandwi ndiye aliyemwona. Wengine walikuwa wakiuvizia mzimu gizani, na gizani hawakupata kitu. Nyandwi alitafakari akasema, "Singa huanikwa juani. Huyu ni mfanyakazi, atakuwepo saa za kazi." Akaenda saa sita mchana, jua likiwa utosini, wakati uwanja unawaka mweupe na hakuna kiumbe anayeweza kuutazama. Akautazama. Ndani ya ule weupe, kule mstari wa mwisho, akaona mtu amevaa gunia lililotobolewa kichwani na mikononi, na shingoni ana kibati cha namba. Alikuwa manamba, mmoja wa wale vibarua walioletwa zamani kutoka mbali kwa mkataba, wakaitwa kwa namba badala ya majina. Anaanika, anasogea, anaanika. Nyandwi akagundua kwamba akipepesa jicho mtu yule anapotea. Basi hakupepesa. Akapaza sauti, "Leteni magunia meusi mtundike nyuma ya pale ninaponyoosha kidole!" Wakatundika, na mbele ya weusi ule kila mtu akamwona. Alikuwa mwembamba, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

"Usiache kumtazama, mdogo wangu," Hiza alisema.

"Siachi, mzee. Lakini macho yanaungua."

Tumpe ndiye aliyemsikia. Watu walirudi nyuma, yeye akaenda mbele, maana alishaijua hali ile, mtu anayezungumza na hakuna anayemsikia. Akasimama mbele ya uso wake akamsoma midomo.

"Anasemaje?" wakauliza kwa mbali.

"Anasema, mnyapara hajagonga."

Akamuuliza jina, kwa midomo, bila sauti, kama anavyozungumza na wenzake kwenye brashi. Yule mtu akataja namba. Tumpe akamuuliza tena: jina lako, baba, alilokupa mama yako. Mtu yule akafikiri. Akafikiri mpaka midomo ikatetemeka, kisha akataja namba ileile. Tumpe alilia pale pale, bila kujificha. Halafu yule mtu akamnyooshea fungu la singa alilolishika, midomo ikasema, "Nishikie. Mstari ukianguka nitaambiwa nianze upya." Ubaridi wake ulikuwa wa kukata mifupa. Tumpe akalipokea akalishika juu ya waya kwa mikono miwili, na hakuliachia.

Hiza ndiye aliyemfungua. Aliposikia neno mnyapara alikaa chini, kwa sababu mnyapara wa enzi zile alikuwa babu yake mzaa baba. Zamani zile, hakuna aliyeruhusiwa kutoka kwenye mstari mpaka mnyapara agonge kipande cha reli kilichotundikwa. Ukitoka kabla, siku yako haihesabiwi kwenye kipande, ile kadi ya siku za kazi, na mkataba hauishi. Sasa palikuwa na siku ya sherehe kwa mabwana, mnyapara akaitwa akapike nyama. Akatoka mbio. Kwa watu wa karibu akapiga kelele kwa mdomo, "Nendeni!" Reli hakuigonga. Aliyekuwa mstari wa mwisho hakusikia mdomo, alikuwa anasubiri chuma. Alisubiri juani mpaka akaanguka, wakamzika palepale pembeni. Babu yake Hiza alipozeeka alikuwa akikaa kitandani anagonga ubao wa kitanda, ule mdundo wa kuwaruhusu watu, mchana kutwa. Watoto walidhani ni ulevi.

Kwa hiyo Hiza aliujua mdundo. Chuma ndicho hakikuwepo. Ile reli iliuzwa kama chuma chakavu, kwani siku hizi nani anaruhusiwa pamoja na mwenziwe? Kila mtu anatoka kwa mkataba wake. Hiza akachukua nyundo akazunguka shamba zima akigonga: milango ya ghala, matairi ya trela, mabomba. Kila chuma akakikataa, "Siyo sauti yenyewe. Hatakisikia." Huko uwanjani Nyandwi hapepesi na Tumpe haachii. Mwishoni akaingia kiwandani akagonga ekseli ya mashine kubwa ya kusindika, iliyokuwa ndiyo kwanza imefungwa mpya, akatulia. Akazima mashine akaanza kuifungua.

Bwana Mushumbusi akamkimbilia. "Hiza! Ukiitoa hiyo umejifukuza kazi mwenyewe. Miaka yako yote inakwenda."

"Najua, bosi," Hiza akasema. "Nishikie spana."

Na meneja, jamani, akashika spana. Mpaka leo hajui kwa nini.

Wakaitundika ekseli kwa mnyororo, na Hiza akagonga mdundo wa babu yake. Sauti ikapita juu ya uwanja na mashamba ikagonga milima ikarudi. Yule mtu akainua kichwa. Mabega yake yakashuka, kama yanavyoshuka mabega ya yeyote kati yetu kazi ikiisha. Singa zote za mistari ile zikakauka kwa pamoja, zikaanza kupepea.

Akaanza kuondoka. Kisha akageuka kwa Tumpe, midomo ikacheza mara moja ya mwisho.

"Kauliza nini?" Hiza alimuuliza baadaye.

"Kauliza, kesho nije?"

"Ukamjibu nini?"

Tumpe akamweleza. Yeye ambaye kila mwaka alisimama mlango wa ofisi akingoja aambiwe njoo, alikuwa amelazimika kumwambia mtu, "Usije tena." Na alisema hakuwahi kuona uso uliovunjika na kufurahi kwa wakati mmoja kama ule. Yule mtu alipita kati yao, akashika njia ya kusini, na hakuonekana tena.

Mngetaka niishie hapo, eti? Mwende mkalale. Lakini kesho yake kulikuwa na kazi, na kwenye kazi kuna ofisi.

Macho ya Nyandwi yalibaki na ule weupe. Anaona, lakini kila kitu kimefunikwa ukungu, na wakala alipokuja getini hakumnyooshea kidole. Mikono ya Tumpe ilibaki na ubichi ule. Aikaushe motoni, aifunge kanga, inarudi kulowa, na mikono mibichi haishiki singa kwenye brashi, inaharibu mzigo. Mkataba wake haukuandikwa upya. Na Hiza alipewa barua ya kuharibu mali ya kampuni, akaambiwa aondoke nyumba ya kambi. Watu watatu waliookoa shamba, na asubuhi ile wote watatu hawakuwa na kazi.

Wakaenda ofisini pamoja. Bwana Mushumbusi akawakaribisha chai, akawashukuru sana, na nadhani alimaanisha.

"Nafasi ni moja," akasema. "Niambieni nani."

Nyandwi akasema, "Kama nisingemwona, mngekuwa bado mnavizia gizani. Nyinyi wawili mliwahi kuwa na chochote hapa. Mimi sijawahi hata kuandikwa jina. Mke wangu yuko Uvinza, hawezi kuja kwa mtu anayelala kwenye banda la watu kumi. Ile nafasi ina nyumba. Nataka nimwone mke wangu wakati bado naona."

Tumpe akasema, "Kaka, pole na macho. Lakini ulimwona tu. Angebaki kuonekana mpaka kiama kama nisingemsikia anataka nini, na ningeachia ule mstari angeanza upya. Mimi nimeajiriwa na kuachwa hapa mara nyingi kuliko mnavyojua. Nilimzika mwanangu siku ya kazi nikarudi brashi kesho yake, kwa kuogopa nafasi yangu. Sitaki makubwa. Nataka siku moja niugue kwa raha, nilale, na mahali pangu pawepo."

Hiza akasogeza kikombe chake pembeni. "Mimi nilikuwa nayo," akasema. "Nyinyi mlitoa macho na mikono, mimi nilitoa nafasi kama hiyo hiyo mnayoigombea, na niliitoa nikijua. Nani mwingine alitoa alichokuwa nacho chote? Nirudishieni changu, nizeeke."

"Mzee," Nyandwi akamwambia kwa adabu, "si babu yako ndiye aliyemwacha pale?"

Hiza akainamisha kichwa. "Ndiye."

"Basi wewe ulisafisha kwenu."

"Na damu ya babu yangu ndiyo iliyoujua mdundo," Hiza akajibu. "Bila yule mkosaji, nani angewafundisha kuugonga?"

Meneja akamimina chai iliyokwisha kupoa.

Sasa ninyi. Na kabla hamjafungua midomo, namwona yule pale pembeni anataka kusema wagawane. Subiri kwanza, mpenzi. Hilo lilisemwa. Aliyesema ni Tumpe mwenyewe, kwa huruma, kwamba kila mmoja ashike miezi michache kwa zamu. Bwana Mushumbusi alilipenda wazo hilo mno. Alilipeleka makao makuu siku ileile, na msimu uliofuata shamba zima liliwekwa kwenye mikataba ya miezi michache michache, kwa heshima ya wale watatu. Kwa hiyo msigawe. Jibu hilo tayari mnaishi ndani yake, na baadhi yenu linawaishia mwezi ujao.

Ile nafasi moja bado ipo wazi, haijapewa mtu. Kuna macho yaliyokataa kupepesa, kuna mikono iliyokataa kuachia, na kuna mtu aliyegonga akajua anajigongea mwenyewe. Ukimpa mmoja, wawili wanalala nje usiku huu, na utakuwa umewatoa wewe.

Wala msichelewe kuamua. Jana wamepita watu Kwemtindi, wanasema kule mwisho kuna mstari mmoja umeanikwa tena na mtu asiyeonekana, na mkunjo wake ni mwingine, si ule wa zamani. Ni mkunjo wa siku hizi.

Je, wewe ungempa nani?